Doa la wino kwenye bawa: ninavyochora, na ninavyolinda michoro yangu mtandaoni

Mpwa wangu alinitumia picha usiku, bila hata salamu, na chini yake swali moja: "Shangazi, hawa si wale mbayuwayu wako?" Nikaikuza kwa vidole viwili. Fulana nyeusi, na kifuani mbayuwayu kumi na mmoja wakizunguka tawi lisilo na majani. Sikuwahesabu. Nilikwenda moja kwa moja kwa ndege wa saba, upande wa kushoto, chini kidogo ya tawi. Kwenye bawa lake kulikuwa na doa dogo lenye umbo la koma.

Doa lile nalijua. Siku ninawapaka wino hao ndege simu iliita, nikageuka kuitazama na brashi ingali mkononi, tone likadondoka. Nikasema potelea mbali, bawa la ndege halihitaji kuwa safi kama sahani. Nikaliacha. Sasa lilikuwa linauzwa kifuani pa watu nisiowajua, na muuzaji alikuwa ameandika "mchoro wetu halisi".

Tangu hapo nimejifunza mengi, mengine kwa kusoma na mengine kwa kuumia. Kubwa kuliko yote ni kwamba ulinzi wa mchoro haufanyiki siku unapoibiwa. Hufanyika mezani, wakati unachora. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na penseli, na sheria zinafuata baadaye. Mimi si mwanasheria. Ni mchoraji niliyelazimika kuvaa miwani na kusoma maandishi madogo.

Daftari liwe chafu

Kila mchoro wangu unaanzia kwenye daftari la karatasi zisizo na mistari. Juu ya kila ukurasa naandika tarehe, na chini yake mstari mmoja wa nilichokuwa nakitafuta. Mbayuwayu walikula kurasa 14. Kwenye kurasa tano za mwanzo wote ni wanono kama njiwa. Ukurasa wa sita ndipo nilipoelewa mkia: ile panda yake ni ndefu kuliko unavyodhani, na zile nyoya mbili za nje huchongoka hadi kuwa nyembamba kama uzi. Nimeandika pembeni "MKIA! acha woga". Ukurasa wa tisa nilichoka kuwachora upya kila nilipotaka kuwahamisha, nikawakata kwa mkasi na kuwatembeza juu ya meza kama kete. Kila mpangilio nikaupiga picha kwa simu. Ilipofika picha ya 23 nikajua ndio huo.

Raba niliiacha miaka mingi. Nikikosea, nachora tena pembeni. Kosa likibaki kwenye ukurasa linanifundisha, na zaidi ya hapo ni ushahidi. Mtu aliyenakili kazi yako ana mwisho wake tu. Hana ndege wanono wa ukurasa wa pili, hana picha 22 za mipangilio iliyokataa, hana "acha woga". Ukiulizwa uthibitishe kuwa mchoro ni wako, hakuna cheti kinachosema kwa sauti kubwa kuliko njia uliyopita. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nadhani walikuwa wanawaza duka, lakini wametufaa hata sisi.

Baada ya penseli nahamisha mistari kwenye karatasi nzito kwa kutumia meza ya taa, kisha wino. Karatasi ya wino sikunji, situpi na simpi mtu. Naiskani kwa nukta 600 kwa inchi, na skani ya kwanza kabisa, yenye vumbi, nyuzi za karatasi na alama ya kidole, naihifadhi kama ilivyo. Usafi wote nafanya kwenye nakala. Watu wengi hufanya kinyume: wanasafisha, wanahifadhi juu ya ile ile, na ushahidi unakwenda na vumbi.

Kwenye kompyuta faili zangu zina majina ya kuchosha: mbayuwayu_01_skani, mbayuwayu_02_usafi, mbayuwayu_03_rangi, mpaka mwisho. Tabaka, yaani zile karatasi pepe zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya faili, siziunganishi kwenye faili kuu. Nikitaka picha bapa natoa nakala. Wewe unayechora kwenye skrini tangu mwanzo unaweza kudhani huna daftari, ila unalo. Programu kama Procreate hurekodi michirizi yako na kukutolea video ya mchoro ukikua. Usiizime hiyo rekodi, na usifute faili yenye tabaka kwa sababu tu mteja ameshalipa.

Sehemu ambayo hatupendi kuisikia ni hii: andika pia ulichotazama. Mbayuwayu wangu walitokana na picha nilizopiga mwenyewe na ndege wawili niliowatazama wakijenga kiota chini ya paa. Kama ungefuata picha ya mpigapicha mwingine mstari kwa mstari, kuna hatari mchoro wako uwe ni kazi iliyozaliwa na ya kwake, na siku utakaposimama kumshtaki mtu, yeye naye anaweza kusimama nyuma yako. Mambo ni hayo hayo kwa fonti, brashi za kununua na mapambo ya kupakua. Kila kimoja kina leseni yake. Nina faili moja tu la maandishi kwa kila mchoro, mistari mitano au sita, linalosema kila kitu kilitoka wapi.

Kuhusu akiba ya faili nafuata kanuni ya wapigapicha ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kwangu ni kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni.

Kisha kuna kitu kidogo nilichofundishwa na kijana mmoja wa kompyuta, nikakipenda. Kuna hesabu iitwayo SHA-256. Unaipa faili, inakupa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha pikseli moja tu, mfuatano wote unageuka. Kompyuta nyingi zina uwezo huo tayari bila kununua chochote. Kila mwisho wa mwezi nachukua mifuatano ya faili zangu mpya na kujitumia kwa baruapepe. Haithibitishi kuwa mimi ndiye niliyechora, inaonyesha tu kwamba siku ile faili ile ile nilikuwa nayo. Ile mbinu ya kale ya kujipelekea mchoro kwa posta ndani ya bahasha iliyofungwa, na kutoifungua, usiitegemee. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imesema wazi kwamba haichukui nafasi ya kusajili.

Haki inaanza lini

Swali ninaloulizwa zaidi ni "umesajili wapi?" Jibu linawashangaza wengi: hakimiliki ya mchoro haingoji usajili. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao sasa una nchi wanachama zaidi ya 180, unakataza kuifanya haki hiyo itegemee taratibu zozote. Ukishamaliza mstari, haki ipo. Hata ile alama ya © si lazima, ingawa mimi huiweka kwa sababu inamnyima mtu kisingizio cha "sikujua". Mkataba huo unataka haki idumu angalau maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimepandisha hadi 70. Kifungu chake cha 6bis, kilichoongezwa mwaka 1928, kinakupa haki ya kutambuliwa kwa jina lako na ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima, hata kama haki za kuiuza umeshazitoa.

Kusajili, mahali kunapowezekana, kuna faida zake. Marekani, kwa mfano, aliyesajili kabla ya wizi, au ndani ya miezi 3 tangu kuchapisha mara ya kwanza, anaweza kudai fidia iliyopangwa na sheria bila kulazimika kuthibitisha hasara yake, na anaweza kudai gharama za wakili. Asiyesajili kwa wakati huo atajikuna kutafuta ushahidi wa hasara.

Jua pia mipaka ya haki hiyo. Mbayuwayu si wangu. Wazo la ndege wanaozunguka tawi si langu. Mtindo wa wino mweusi wenye michirizi mifupi si wangu. Langu ni hawa kumi na mmoja, walivyokaa hivi, na mistari hii. Nimewahi kuandikiwa na msichana mwenye hasira kwamba mtu "ameiba staili" yake. Nilimwambia ukweli na hakuufurahia.

Kama unabuni umbo la kitu, kiti, taa, chupa, kiatu, au pambo la kitambaa litakalozalishwa kiwandani, kuna mlango mwingine unaoitwa usajili wa ubunifu wa viwandani, na hapo ndipo watu wengi huanguka kwa haraka ya kuposti. Usajili huo hudai ubunifu uwe mpya. Mahali pengine, ukishauonyesha hadharani, upya umekufa, na aliyeuua ni wewe. Umoja wa Ulaya na Marekani wanakupa miezi 12 ya neema tangu uonyeshe, lakini si kila nchi ina huruma hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuposti picha ya taa yako mpya, amua kwanza: nitasajili au sitasajili? Kama utasajili kwenye nchi kadhaa, mfumo wa The Hague unaosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, unapokea ombi moja lenye hadi michoro 100, ilimradi yote iwe ya kundi moja la bidhaa.

Kabla hujaposti

Tuanze na ukubwa, maana hapa hesabu ni rahisi na watu hawaifanyi. Uchapaji mzuri unataka karibu nukta 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1,080, ukiigawa kwa 300, inakupa inchi 3.6, yaani sentimita 9 tu. Mwizi akiinyoosha hadi sentimita 30 za kifua cha fulana, anabaki na nukta kama 91 kwa inchi, na mistari inaanza kuwa na meno. Sasa linganisha na karatasi ya A3, inayotaka pikseli 3,508 kwa 4,961. Mimi niliposti mbayuwayu kwa ukubwa huo, eti watu waone michirizi. Niliwapelekea faili la kuchapia mlangoni kwao. Siku hizi sipandi juu ya pikseli 1,080 upande mrefu. Najua zipo programu zinazokuza picha kwa akili mnemba, na hazifanyi vibaya. Lakini zinabuni michirizi ambayo hukuichora, na hiyo michirizi ya uongo baadaye inakusaidia kutambua nakala.

Kwa wenzangu wanaochora mapambo ya kujirudia: kamwe usiweke mtandaoni kigae chenyewe, ule mraba mmoja ambao ukiuzungusha unafunika kitambaa kizima. Huo mraba ndio mali. Anayeupata anaweza kutoa mita elfu moja za kitambaa bila kukosea hata unganiko moja. Onyesha pambo likiwa kwenye mto wenye mikunjo, begi lililopigwa picha kwa pembeni, kitambaa kilichoning'inia. Mteja ataelewa uzuri wake. Mwizi atatakiwa kunyoosha mikunjo na kutafuta mahali pambo linapoanza upya, na wengi wao hawana subira hiyo. Ndiyo maana wanaiba.

Wotamaki, yaani jina lako lililopakwa juu ya picha kama kivuli, linasaidia kiasi. Likiwa kwenye kona linakatwa kwa sekunde mbili. Likiwa katikati, nene, linaua mchoro, na mteja naye anaondoka. Njia yangu ni kulificha jina ndani ya mchoro wenyewe. Kwenye tawi la mbayuwayu, ufa wa tatu kutoka kulia si ufa, ni jina langu lililolala. Wachora ramani walikuwa na ujanja wa namna hiyo. Agloe, mji wa jimbo la New York uliowekwa kwenye ramani miaka ya 1930, haukuwepo. Uliwekwa makusudi ili anayenakili ramani ajulikane. Doa langu la wino halikuwa la makusudi, lakini lilifanya kazi ile ile.

Jaza pia taarifa zilizofichwa ndani ya faili: jina la mwenye kazi, tamko la hakimiliki, njia ya kukupata. Programu nyingi za picha zina sehemu ya kujazia. Mitandao mingi ya kijamii huzifuta ukipakia, lakini tovuti yako mwenyewe na faili unazowatumia wateja zitabaki nazo. Na wakati uko hapo, angalia kinyume chake: picha uliyopiga kwa simu inaweza kubeba mahali ulipo, hadi mlango wa nyumba. Hiyo ifute.

Ukishaposti, nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, bandika anwani ya ukurasa wako na uombe uhifadhiwe. Ni bure, inachukua dakika moja, na tarehe inayowekwa pale haikutoka mkononi mwako. Hiyo ndiyo thamani yake. Sehemu kubwa ya kesi yangu ya fulana ilisimama juu ya ukurasa huo mmoja.

Jambo la mwisho kabla ya kuposti. Mtu akikuandikia chini ya mchoro "naitaka hii kwenye fulana", usidhani ni mtu peke yake anayesoma. Mwezi Desemba 2019 wasanii kwenye Twitter waligundua kuwa kuna roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, zinazosubiri maneno kama hayo, zinanyakua picha na kuiweka dukani zenyewe. Wakazitega kwa kuposti michoro ya makusudi inayosema bidhaa hii imeibwa, na michoro ya wahusika wa kampuni kubwa zenye wanasheria wakali. Roboti zikaiuza yote bila kupepesa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaacha kucheka.

Leseni, na kosa langu la "chukua tu"

Si kila aliye na mchoro wako aliuiba. Wengine uliwapa mwenyewe na mdomo wako. Mteja mmoja aliniomba mchoro wa mifuko ya kitambaa. Alilipa vizuri, alikuwa mpole, akaomba "faili zote". Nikamtumia zote, zenye tabaka, bila mstari hata mmoja wa makubaliano. Mwaka uliofuata mchoro ulikuwa kwenye vikombe, kadi na jalada la daftari. Nilipouliza akajibu kwa mshangao wa kweli: si niliununua? Na mimi sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Sasa kila ankara ina aya hii, na nimeiweka kwenye simu ili nisipate kisingizio:

"Ninakuruhusu kutumia mchoro huu kwenye mifuko ya kitambaa tu, hadi nakala 500, kwa miezi 12. Huruhusiwi kuubadilisha wala kumpa mwingine. Hakimiliki inabaki kwangu. Matumizi mengine yoyote tutakubaliana upya kwa maandishi."

Badilisha bidhaa, idadi na muda, basi. Mteja anayekasirikia aya hiyo amekuokoa mapema.

Mashindano ya ubunifu yasome kuanzia chini kwenda juu, maana sentensi ya kuhamisha haki zote za washiriki, hata walioshindwa, huwa imekaa karibu na mwisho. Leseni za Creative Commons, zile za wazi zinazoruhusu watu kutumia kazi yako kwa masharti uliyoyachagua, ni nzuri kwa kazi unayotaka isambae, lakini huwezi kumnyang'anya ruhusa yule aliyekwisha kuipata kazi chini yake. Ukishasema "tumieni", umesema.

Akili mnemba

Nitapita hapa haraka, kwa sababu hali inabadilika kabla wino haujakauka. Unaweza kuweka faili la robots.txt kwenye tovuti yako kuziambia programu zinazokusanya picha zisiingie. Utaratibu huo upo tangu 1994, na ni ombi tu, haufungi mlango. Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa programu ya bure iitwayo Glaze mwaka 2023, inayotia mabadiliko madogo kwenye picha ili mashine isome mtindo tofauti na ule jicho linaouona, na mwanzoni mwa 2024 wakatoa Nightshade, iliyo kali zaidi. Nimetumia Glaze. Kwenye michoro yenye rangi nyingi karibu huioni. Kwenye wino mweusi juu ya nyeupe inaacha kama uchafu wa mawimbi, na kwangu mimi nyeupe ni nusu ya mchoro. Kuna watafiti walioonyesha njia za kuuondoa ulinzi huo. Mimi naitumia kwa kazi za rangi, na za wino naziacha ndogo.

Ukiibiwa

Usiandike chochote kwanza. Najua moto unaowaka. Nami nilikuwa nimeshaandika aya tatu chini ya ile fulana, nikazifuta baada ya mpwa wangu kuniambia, "Shangazi, ukimshtua atafuta ushahidi." Mtoto yule ana akili.

Piga picha za skrini: ukurasa mzima, anwani ya ukurasa ikionekana, jina la duka, tarehe na saa. Hifadhi ukurasa huo kwenye Wayback Machine. Kisha tafuta ndugu zake, kwa sababu nakala huzaliwa mapacha. TinEye na Google Lens zinatafuta kwa picha. Usitafute kwa mchoro mzima peke yake. Kata kipande chenye sura, mimi nilikata ndege wa saba, na utafute kwacho. Halafu kigeuze kushoto kiwe kulia na utafute tena. Wajanja huugeuza mchoro kama kwenye kioo, na hapo ndipo nilipompata muuzaji wa pili: mbayuwayu wamegeuka, na doa langu limehamia bawa la kulia.

Sasa jiulize ni nani huyu. Kama ni mtu mmoja mwenye bidhaa mbili tatu, mwandikie kwa adabu, mpe siku saba. Kama ni duka lenye maelfu ya miundo isiyofanana, hakuna mtu wa kumwandikia. Nenda kwa tovuti inayomhifadhi. Tovuti za Marekani zinafuata DMCA, sheria ya hakimiliki ya mtandaoni ya mwaka 1998, na zile zinazohudumia Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na njia ya kupokea taarifa chini ya Sheria ya Huduma za Kidijitali. Karibu zote zina fomu. Kama haina, andika hivi:

"Mimi ni mwenye hakimiliki ya mchoro huu, niliouchapisha mara ya kwanza tarehe hii, kwenye anwani hii. Nakala yake imewekwa bila ruhusa yangu kwenye kurasa hizi. Naamini kwa nia njema kwamba matumizi haya hayajaruhusiwa nami, wala na wakala wangu, wala na sheria. Taarifa hizi ni sahihi, na natamka, nikijua adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo, kwamba mimi ndiye mwenye haki. Naomba mziondoe."

Chini weka jina kamili, anwani, simu, baruapepe na sahihi. Sahihi ya kuandika kwa kompyuta inakubalika. Weka anwani ya kila ukurasa, usiseme "duka lote". Hasira zako zisiwemo, anayesoma ana mamia ya barua kama hiyo. Na uwe mkweli, kwa sababu anayedai kwa uongo akijua anaweza kudaiwa fidia yeye mwenyewe.

Kitu ambacho sikuambiwa: barua hiyo mara nyingi humfikia mtuhumiwa, ikiwa na anwani yako. Tovuti nyingine hupeleka nakala kwenye kumbukumbu ya wazi iitwayo Lumen. Kama hutaki mtu ajue unapolala, tumia sanduku la posta au mwakilishi.

Mtuhumiwa akikubishia rasmi, chini ya DMCA tovuti inaweza kurudisha bidhaa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa uwe umefungua kesi mahakamani. Hapo ndipo uende kwa mwanasheria, si kwangu. Wabishi ni wachache. Roboti hazibishi, zinapotea na kurudi kwa jina jingine.

Mimi nina jedwali lenye safu nne: tarehe, anwani, nilichofanya, kilichotokea. Natenga saa moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi, kikombe kikiwa mezani. Saa ikiisha nafunga. Kuna nakala ninazoziona na kuziacha: mtu aliyeweka mbayuwayu kama picha ya akaunti yake, mwanafunzi aliyewachora upya kwa kalamu ya mpira akaposti kwa furaha. Huyo mwanafunzi nilimpa moyo na kumwomba aandike jina langu. Akaandika.

Fulana nyeusi iliondolewa siku ya nne. Yule wa ndege waliogeuzwa alikuwa mdogo, mwenye bidhaa mbili, nikamwandikia kama nilivyokushauri. Alijibu usiku huo huo akiomba radhi. Kumbe alinunua furushi la michoro, picha 40 kwa malipo moja, kutoka kwa mtu aliyeapa kuwa zote ni zake. Akanitumia risiti na furushi lenyewe.

Nilizipitia zote 40. Ya kwangu ilikuwa moja. Nyingine 39 zilikuwa na mikono tofauti kabisa, yeyote anayechora angeona. Nikaanza kuzikuza moja moja, na kwenye mchoro wa mche wa mnanaa, kwenye mshipa wa jani la tatu, nikaona herufi ndogo zilizolala kama za kwangu. Nikalitafuta jina lile, nikampata mwenyewe, nikamwandikia. Aliuliza nimejuaje ni kazi yake. Nikampigia duara lile jani na kumrudishia picha.